Maji ya Jioni: Kuendesha Gridi Yenye Jua, Upepo na Hifadhi



Mhadhara huu una kusudi moja, nalo ni kuonyesha kwamba shida ya umeme katika Afrika Mashariki imebadilika sura. Kwa miaka mingi swali lilikuwa umeme utoke wapi. Siku hizi swali linazidi kuwa utoke saa ngapi. Sehemu kubwa ya jibu imekwisha kujengwa kwa zege katika mito ya Tana, Ruaha na Rufiji. Kilichobaki ni kubadili mpangilio wa nani atangulie na nani asubiri. Hoja ziko sita, na hazilingani kwa urefu. Ya tatu ndiyo yenye mzigo, kwa hiyo anayetaka kusinzia achague nyingine.

Hoja ya kwanza: gridi ni kinu cha watwangaji wengi

Tarehe 7 Juni 2016, kabla kidogo ya saa sita mchana, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima, mashine nyingine za kituo zikazidiwa, na zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mkupuo. Kenya nzima ikakosa stima kwa saa zaidi ya tatu. Tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. (Kucheka ukumbini kunaruhusiwa. Siku ile viwandani hakuna aliyecheka.)

Kenya ilikuwa na vituo vingine vingi vilivyokuwa vizima kabisa. Iweje kuanguka kwa kimoja kuzime nchi?

Tazama kina mama watatu wanaotwanga katika kinu kimoja. Kila mchi una zamu yake, na mdundo ndio unaowalinda. Mmoja akiuachia mchi ghafla, wenzake hawana budi kuushika mdundo papo hapo. Wakichelewa, michi inagongana na kila mmoja anarudi nyuma kuokoa vidole vyake. Mashine zote zilizo kwenye gridi, kuanzia za mvuke wa Olkaria hadi za maji ya Kiambere, hufuata mdundo mmoja wa mapigo 50 kwa sekunde, ambayo mafundi huyaita hezi 50. Matumizi yakizidi uzalishaji, mdundo hushuka. Uzalishaji ukizidi, hupanda. Ukishuka mno, mashine hujitoa zenyewe zisije zikaharibika, na kila inayojitoa huziongezea mzigo zilizobaki. Ndivyo tumbili mmoja anavyoweza kuzima nchi.

Kwa sababu hiyo watu wanaokaa katika vyumba vya kuongozea gridi, Ubungo jijini Dar es Salaam au Juja Road jijini Nairobi, hufanya kazi ya sekunde kwa sekunde. Waya hauna ghala. Uniti inayozalishwa sasa lazima iliwe sasa.

Kuna jambo jingine la kuweka akilini kabla ya kuendelea. Mashine ya maji au ya mvuke ni chuma kizito kinachozunguka, na uzito huo una ukaidi wake: mdundo unapoyumba, chuma hukataa kubadili mwendo haraka, na ukataaji huo huwapa wengine sekunde chache za kujipanga. Paneli ya sola haina kinachozunguka. Mitambo mingi ya kisasa ya upepo nayo huunganishwa na gridi kupitia vifaa vya elektroniki, hivyo uzito wake haufiki moja kwa moja kwenye mdundo. Gridi inayopokea jua na upepo kwa wingi hupata umeme safi, lakini hupoteza ukaidi.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 Kenya ilizimika tena, safari hii hadi Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta. Kampuni ya umeme ilisema shamba la upepo la Turkana lilijitoa ghafla. Wenye shamba wakasema lilijitoa kwa sababu msukumo wa umeme kwenye gridi ulipanda kupita kiasi. Kati ya kauli hizo mbili, jambo lisilobishaniwa ni kwamba shamba hilo lilikuwa likitoa takribani megawati 270, na hapakuwa na kitu chenye kasi ya kutosha kuziba pengo.

Hoja ya pili: umeme upo, saa ndiyo haipo

Shamba hilo la Turkana lina minara 365 ya upepo, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Liko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, katika mkondo wa upepo unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya. Minara ilikamilika mwaka 2017, ikasimama bila kazi hadi Septemba 2018 kwa sababu njia ya kusafirishia umeme hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijaisha, na Serikali ikabeba fidia ya mabilioni ya shilingi. Hilo lilikuwa pengo la mahali: umeme uko kaskazini, watumiaji wako kusini. Njia ilipokwisha likabaki pengo la wakati, ambalo halionekani kwa macho. Upepo wa Turkana huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri, wakati Nairobi imelala na matumizi yameshuka sana.

Olkaria nako, jirani na Naivasha, kisima cha mvuke hakijui saa. Hutoa mvuke saa nane usiku sawasawa na saa nane mchana. Katika usiku wa matumizi madogo, mvuke uliogharamiwa kuchimbwa kutoka kilomita mbili au tatu chini ya ardhi umekuwa ukiachiwa hewani. Jioni inayofuata, kati ya saa moja na saa nne, taa, televisheni na pasi za mikoa na kaunti zote huwashwa pamoja, kilele hupanda (mwaka 2025 kilivuka megawati 2,300), na mitambo ya mafuta huitwa kusaidia.

Watanzania wasicheke jirani. Mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024 nchi ilikuwa katika mgao. Februari 2024 mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere ikawashwa, mvua zikanyesha, na mwezi Machi vituo vitano vya maji vikazimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Kutoka njaa hadi shibe ya kuvimbiwa ilichukua wiki chache.

Hoja ya tatu: maji yaende mwisho

Hapa ndipo penye kiini. Umeme uliokwisha kuwa umeme ni mgumu kuuweka, lakini maji yaliyo nyuma ya ukuta wa bwawa ni umeme ambao bado haujaamua kutoka. Bwawa lenye ziwa kubwa ni betri, na Afrika Mashariki ina betri za aina hiyo tangu wakati ambao neno betri lilimaanisha kile kitu cha tochi.

Hesabu yake ni nyepesi. Mita moja ya ujazo ya maji, ikidondoka kimo cha mita 100, hutoa takribani robo ya uniti. Mtambo wa sola wa megawati 50, ukifanya kazi kwa nguvu zake zote kwa saa tano za mchana, hutoa uniti 250,000. Kwa hiyo mtambo huo, kwa mchana mmoja wa jua kali, unaweza kuacha ndani ya bwawa la namna hiyo mita za ujazo milioni moja. Maji hayo hayajapotea. Yanasubiri saa moja jioni.

Mfano wake uko kwenye mto Tana. Tangu mwaka 2019 Garissa ina mtambo wa sola wa megawati 50. Juu ya mto huo huo viko vituo vitano vinavyopokezana maji yale yale: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Jua la Garissa linapowaka mchana na Masinga ikafungwa kidogo, maji yaliyobakizwa huzalisha umeme mara tano yanapoteremka jioni. Aliye Garissa hawezi kuliona hilo, na aliye Masinga pia, lakini aliye Juja Road huliona kwenye skrini yake.

Mpangilio wa siku basi uwe hivi. Mvuke ubebe mzigo wa msingi. Upepo uchukuliwe wote unapovuma, jua lichukuliwe lote linapowaka. Mafuta na gesi vikae pembeni kadiri inavyowezekana. Maji yaende mwisho, yakiziba kila tundu lililoachwa na wengine, kwa sababu maji peke yake ndiyo yanayoweza kusubiri, kisha kufunguliwa na kufikia nguvu kamili ndani ya dakika chache. Mazoea ya zamani yalikuwa kinyume: maji yalikuwa ya bei nafuu, kwa hiyo yalitangulizwa, na ukame ulipofika mabwawa yalikutwa matupu. Mtera, ziwa lililojengwa kuutunzia maji mtambo wa Kidatu, limewahi kuwa habari ya ukurasa wa kwanza kila kina chake kilipopungua. Tena ukame huja na anga jeupe. Miezi inayolikausha bwawa ndiyo hiyo hiyo inayolishibisha shamba la sola, kama lile la Kishapu, mkoani Shinyanga.

Wadenmark na Wanorway wamekuwa wakifanya jambo hili kwa jirani na jirani. Denmark ina upepo, Norway ina mabwawa, na tangu miaka ya 1970 nyaya zimelazwa chini ya bahari kati yao. Upepo ukizidi Denmark, umeme huvuka na Norway hufunga maji yake. Upepo ukitulia, Norway hufungua. Hakuna aliyesafirisha upepo wala maji.

Desemba 2024 njia ya kilovolti 400 kati ya Isinya nchini Kenya na Singida nchini Tanzania, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 500, iliunganishwa na umeme. Bwawa la Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, na ziwa lake hubeba mabilioni ya mita za ujazo. Kwa hiyo si ndoto tena kusema kwamba upepo unaopotea saa tisa usiku Marsabit unaweza kutunzwa Rufiji. Tanzania ipunguze mashine mbili usiku na kupokea umeme wa upepo, kisha irudishe jioni kwa bei waliyokubaliana. Wahandisi mlio safu ya mbele mnatikisa vichwa, na mna haki: mikataba ya kubadilishana kwa saa ni migumu kuliko minara. Lakini minara imekwisha kusimama.

Kuna mpaka wa hoja hii, na ni lazima usemwe. Mto si swichi. Mvuvi na mkulima walio chini ya bwawa huumia maji yanapopanda na kushuka kila siku kufuata televisheni za mjini, na mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti yaliwakumbusha wote kwamba watu wanaishi huko. Wapo pia wasioweza kulalamika. Kituo cha Kihansi kilipogeuza maji ya maporomoko yake, chura mdogo wa njano aliyeishi kwenye manyunyu ya pale, na pale tu duniani, alitoweka porini. Alinusurika kwa kufugwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, akarudishwa nyumbani miaka zaidi ya kumi baadaye kwenye manyunyu ya mabomba.

Panapokosekana mto mkubwa, watu hujenga mto wa kwenda na kurudi: mabwawa mawili, moja juu na jingine chini. Usiku umeme wa ziada hupandisha maji, jioni maji huteremka. Afrika Kusini ina Ingula, megawati 1,332, ndani ya milima ya Drakensberg. Asilimia kama ishirini hivi ya umeme hupotea njiani, hasara ambayo bado ni ndogo kuliko mvuke unaoachiwa bure.

Hoja ya nne: maji yana bei hata kama mvua haitoi risiti

Kusema maji yaende mwisho ni rahisi. Yafunguliwe kiasi gani leo, ndilo swali. Mkulima mwenye magunia kumi ya mahindi anaijua hesabu hii bila kompyuta. Akiuza yote wakati wa mavuno, bei ni ya kutupa. Akisubiri hadi Februari, bei imepanda, ila panya na bungua wanaweza kumtangulia. Mwongoza gridi ana swali hilo hilo: lita hii nikiitumia leo naokoa nini, na nikiiweka hadi Oktoba itaokoa nini? Katikati ya masika, ziwa likikaribia kufurika, maji yana thamani karibu na sufuri, na kuyabania ni ubahili wa bure. Mwishoni mwa kiangazi, mita ile ile ya ujazo inaokoa mafuta ya mitambo, na thamani yake ni ya mafuta hayo.

Kwa hiyo utabiri wa hali ya hewa umekuwa kifaa cha umeme. Anayejua saa sita kabla kwamba upepo utalegea hapigi mbio. Anawasha mashine moja ya maji mapema na kuendelea na chai yake. Anayejua wiki mbili kabla kwamba vuli itakuwa nzito anafungua ziwa lipungue. Programu za kompyuta hupanga haya yote kwa pamoja: vituo vyote, saa zote, mipaka yote ya nyaya. Kila baada ya muda mfupi hupanga upya. Ni kazi isiyokatiwa utepe na kiongozi yeyote, na pengine ndiyo sababu huchelewa kupewa fedha.

Hoja ya tano: betri ni ya sekunde, isipokuwa kisiwani

Betri za lithiamu zimeshuka bei kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 2010, na kila maonyesho ya nishati sasa yana kontena jeupe linaloitwa suluhisho. Mhadhara huu haupingani na kontena. Unauliza kazi yake.

Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya umeme katika jimbo la South Australia. Mashamba kadhaa ya upepo, kwa sababu ya mpangilio wa kinga ndani ya mitambo yake ambao haukujulikana vizuri kwa waongoza gridi, yalipunguza megawati 456 ndani ya sekunde zisizofika saba. Njia inayounganisha jimbo na jirani yake ikazidiwa, ikajikata, na jimbo zima likazima. Bilionea Elon Musk akaahidi kuwajengea betri ndani ya siku 100 tangu kutiwa saini mkataba, la sivyo wasilipe. Akawahi. Betri ya Hornsdale, megawati 100 yenye hifadhi ya uniti 129,000, ilianza kazi tarehe 1 Desemba 2017. Wiki mbili baadaye, mashine ya makaa ya megawati 560 ilijitoa mbali huko Victoria, na betri ikajibu kabla mitambo mingine haijavuta pumzi.

Tazameni tarakimu. Betri ile kwa nguvu zake zote hudumu saa moja na robo hivi. Haikununuliwa kubeba usiku. Ilinunuliwa kushika mdundo wa kinu pale mchi mmoja unapoachiwa. Kazi hiyo betri huifanya vizuri kuliko maji, kuliko gesi, kuliko kitu chochote. Kenya yenye shamba moja la megawati 310, na Tanzania ambako mashine moja ya Nyerere ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya matumizi ya nchi, zinaihitaji kwa sababu hiyo kwanza. Malawi, jirani mdogo, imekwisha kuanza: kituo cha sola cha Golomoti, megawati 20, kimefungwa betri ya megawati 5 tangu mwaka 2022.

Kubeba jioni nzima kwa betri ni shauri la mahali pasipo na mto. Kenhardt, katika jangwa la Northern Cape, Afrika Kusini, paneli za megawati 540 na betri ya uniti 1,140,000 hutoa megawati 150 kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu na nusu usiku. Kule hesabu inakubali.

Inakubali pia kisiwani. Unguja hutegemea nyaya za chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Desemba 2009 umeme ulikatika, ukarudi Machi 2010. Miezi mitatu! Pampu zilisimama, mabomba yakakauka, akina mama wakarudi visimani, na mji ukanguruma kwa jenereta. Mwaka 2013 uliwekwa waya mpya wa megawati 100, na hali ikawa nafuu, lakini waya ni waya. Hakuna Mzanzibari aliyeiona miezi ile anayehitaji kufafanuliwa faida ya hifadhi iliyo upande wake wa bahari. Goma nayo, ingawa iko bara, imeishi kama kisiwa. Mwaka 2020 kampuni iitwayo Nuru iliwasha huko sola ya megawati 1.3 pamoja na betri, na mitaa ya Ndosho ikapata taa bila kungoja gridi ya mbali.

Hoja ya sita: mteja naye ni mtambo

Hii ni fupi. Tarehe 4 Julai 1990, Uingereza ilipotolewa na Wajerumani kwa penalti, watu walinyanyuka kuchemsha chai na matumizi yakaruka kwa megawati 2,800. Desturi ya namna hiyo ya watazamaji wa televisheni ni mojawapo ya sababu kituo cha Dinorwig, kilichochimbwa ndani ya mlima huko Wales, kilipewa uwezo wa kuamka kwa sekunde. Njia nyingine ni kumshawishi mteja abadili saa. Kenya ilianza Desemba 2017 kuwapa wenye viwanda nusu ya bei kwa umeme wa usiku unaozidi kiwango chao cha kawaida. Kinu cha unga kinachosaga saa saba usiku, pampu ya maji inayojaza tangi alfajiri, bodaboda ya umeme ambayo betri yake inachajiwa dereva akiwa amelala: hivyo vyote vinakula mvuke wa Olkaria ambao ungekwenda kwa ndege wa mbuga ya Hell's Gate. Mita za LUKU na tokeni zilizopo majumbani bado hazijui saa. Zitakazofuata zijue.

Mheshimiwa Mwenyekiti, yako mambo matatu ambayo wanafunzi walio hapa watayaona yakifanyika au yakishindikana wakiwa kazini. Kwanza, njia ya kuelekea Zambia, ambayo itaiunganisha gridi ya Afrika Mashariki na ile ya Kusini, na hapo mabwawa na mashamba ya upepo yatakuwa na majirani wengi zaidi. Pili, megawati za kwanza za betri kubwa kwenye gridi za Nairobi na Dar es Salaam, na mabishano ya nani azilipie. Tatu, meza ambayo waongoza gridi wa nchi mbili watakaa kila mchana kupanga upepo wa nani utafunga maji ya nani usiku huo. Meza hiyo ndiyo ya bei nafuu kuliko yote matatu.

Saa ya ukutani inasema saa moja na dakika kumi. Feni za ukumbi huu zinazunguka na taa zote zinawaka, kwa hiyo mtu fulani Ubungo amekwisha kuagiza mashine moja zaidi ifunguliwe. Maswali yanakaribishwa, tukianza na mzee aliyeinua mkono tangu habari ya tumbili.